Udongo wa Bure wa Mlimani

Mtu akikuambia umeme wa upepo hauchafui kitu, mwambie aje kwetu, kilima cha juu ya barabara ya Kasulu, wakati wa mvua, na aje na ndoo yake. Upepo wenyewe sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na ile barabara ya kupandia kwenye mafeni ya umeme huo, na walioichonga, na, nisijifanye malaika, na mimi mwenyewe.

Chemchemi yetu iko chini ya kilima hicho. Mama yangu anakamua mawese tangu sijazaliwa, na mawese yanataka maji mengi: ya kuchemshia chikichi, ya kutenganishia mafuta. Maji yakiwa na tope, mafuta yanatoka na mchanga, na mnunuzi wa Ujiji akishayaonja kwa kidole mara moja, hakutaki tena. Kwa mama chemchemi ile ndiyo kazi, ndiyo heshima yake sokoni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapo hapo kijijini, naishi naye.

Mkandarasi alipokuja alianza kwa kukwangua udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, apate kupitisha barabara na kuchimba misingi ya minara. Akaurundika pembeni. Kwenye mkutano wa kijiji msimamizi wake alitueleza vizuri tu kwamba udongo ule unatunzwa. Kazi ikiisha utarudishwa mtelemkoni, zipandwe nyasi, mvua isipate cha kubeba. Tukapiga makofi. Muhtasari niliuandika mimi, kwa mwandiko wa ubaoni.

Basi ukaja msimu wa miche ya michikichi. Siku hizi Kigoma nani hana kitalu? Na miche inataka udongo mweusi wa kujaza viriba, vile vifuko vyake vya plastiki. Na udongo mweusi huo hapo, umelundikwa, hauna uzio, hauna hata kibao. Jirani alianza na ndoo moja. Kesho yake walikuwa watu watano. Wiki haijaisha, jamani, njia ya mlimani imekuwa kama siku ya gulio! Mama alibeba kwa karai, mimi nyuma yake na toroli la shule. Tena tulikuwa tunacheka. Muhtasari wangu uko kabatini, nimeuandika mwenyewe, na bado nikajaza toroli mpaka likalia.

Minara ikasimama, mapanga yakaanza kuzunguka, mtelemko ukabaki mwekundu na mtupu. Mvua ya kwanza tu, chemchemi ikawa rangi ya chai ya maziwa. Mama akayaacha maji yatuame kwenye pipa siku mbili, akakamua hivyo hivyo, akapeleka Ujiji. Jioni alirudi na madumu yake yote yamejaa. Akaenda kulala bila kula.

Hapo nikapandwa na hasira. Asubuhi nilikwenda kambini kwa mkandarasi, nikamkuta msimamizi anafungasha vitu vyake. Kijana wa watu, mpole, katoka mikoa ya pwani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Udongo wetu uko wapi?"

Akatoa simu, akaipekua, akanionyesha. Picha. Mama yangu na karai kichwani, na nyuma yake mwanamke anasukuma toroli la shule, meno yote nje.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mwalimu," akasema, bila ubaya.

Loh! Nilitamani ardhi inimeze. Lakini ulimi wangu haujawahi kukosa la kusema. "Kwa hiyo muda wa kupiga picha mlikuwa nao, muda wa kuweka uzio hamkuwa nao?"

"Uzio haukuwemo kwenye mkataba."

"Na mdomo wa kusema acheni, nao haukuwemo?"

"Tungesema, mngelalamika tunawanyima wananchi udongo wao."

Kilichonikera zaidi ni kwamba tungelalamika kweli. Ningeandika barua mimi. Nikamuuliza kuhusu maji, akasema wataalamu walishayapima, ni safi. Lini? Kiangazi. Kiangazi! Nikamwambia awalete sasa hivi, mvua inanyesha. Akakuna kichwa.

"Sasa hivi gari haipandi, mwalimu. Matope."

Niliondoka bila kuaga, jambo ambalo mama hajanifundisha.

Nyumbani nikamsimulia, picha na yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akachukua kisu, akaenda kitaluni, akapasua kiriba cha kwanza. Mche ulikuwa umefika magotini, mzuri ajabu. Nikapiga kelele. "Mama, unafanya nini?" Akasema michikichi itazaa baada ya miaka, yeye maji anayataka leo. Nikapita kwa majirani kuomba nao warudishe udongo mlimani. Kila mmoja alinitazama kama nimeugua. "Niue miche yangu, mwalimu, kwa ajili ya mvua?" Sikuwalaumu, maana mimi mwenyewe nilikuwa nalia kwa kila kiriba.

Siku nne tulipanda mlima, mimi na mama, bibi wa miaka sabini, toroli na karai. Tulimwaga udongo kwenye mtelemko ulio juu ya chemchemi, tukaushindilia kwa miguu, tukachomeka mashina ya nyasi tuliyong'oa bondeni. Mama alikuwa anapumzika kila hatua kumi. Nilimwomba aniachie, akanifokea kwa Kiha maneno nisiyoweza kuyaandika hapa.

Siku ya tano ikanyesha mchana kutwa.

Asubuhi tuliteremka pamoja chemchemini. Maji hayakuwa mekundu. Yalikuwa meusi tititi, na vipande vya nyasi zetu vinaelea juu. Mama akachota kwa kata, akayatazama.

"Ule mwekundu ulikuwa wao," akasema. "Huu ni wetu."

Akajaza ndoo, nikamtwika, maana nyumbani hatukuwa na maji mengine.