Jikoni ya Mama na Miguu ya Matete

Miye shule ilinifukuza, ao miye njo niliifukuza, mpaka leo hatujapatana juu ya ile. Lakini mambo ya mizizi, pale unaweza kuniita profesere bila haya, sababu niliisomea ku kamba ya nguo ya mama yangu, hapa Rwambuzi, kartie moja ya Bunia.

Mama alikuwa mulimaji wa Bule. Vita ilimutosha kule, akakimbia, akajenga fasi ingine. Vita ikamutosha na pale, njo akafika Bunia. Alikuja na jembe moja, sufuria moja, na desturi moja yenye ilishangaza kartie muzima: hakuna kitu itapandwa mu lopango yake, kiwanja ya nyumba, kama hajaona kwanza miguu yake. Miguu, njo vile alikuwaka anaita mizizi. Anang'oa mumea polepole, anausafisha na maji, anautundika ku kamba kichwa chini, katikati ya mashati yangu na bitenge byake. Halafu anakaa ku kiti, anaangalia sawa mutu mwenye alilipa tiketi.

Pale njo nilijua avoka, yaani parachichi, iko na musumari moja murefu wenye unashuka wima. Ile yenye mama alitundika ilikuwa muche tu, lakini musumari yake, naapa, kama tungeiachilia siku mbili zingine ingetokea kwa Wazungu. Mahindi iko na ndevu, halafu inaongeza miguu ingine inje, juu ya udongo, sawa mutu anapanua miguu ili upepo isimuangushe. Muhogo miguu yake inavimba sababu anafichamo chakula. Maharagi, ku miguu yake kuko bipele bidogo-bidogo. Mama alisema ile njo chumvi ya udongo, mbolea yake, ukivuna kata juu tu, miguu uache chini. Na kiazi tamu, yeye anatambaa, kila fasi tumbo yake inagusa chini, anaotesha miguu mipya. Mama alicheka sana ile siku. Alisema huyu ni ndugu yetu, naye anahamahama.

Jirani yetu, muzee wa kutoka Butembo mwenye alikuwaka anauzisha manjanja, yale mabati ya kuezeka, ku soko, hakuweza kupita bila kusimama.

"Mama, leo nguo zenu zimeota ndevu."

"Pita tu, papa. Na miguu yako nitaitundika."

Sasa, nyuma ya jikoni ya mama kulikuwa shimo. Mvua njo ilichimba ile shimo, kila mwaka inakula lopango kidogo. Jikoni yenyewe ilikuwa ya udongo na manjanja, ndogo, ukikohoa ndani moto inazima. Lakini mama aliijenga na mikono yake, na alikuwa ameisha kuacha jikoni mbili nyuma yake, moja na chungu ingali ku moto. Alituambia wazi: ya tatu hataiacha. Kila asubuhi alikuwaka anapima na miguu, kutoka ukuta mpaka ukingo wa shimo. Nilimukuta na hatua kumi na mbili. Kisha kenda. Kisha tano.

Ile tano njo ilinitia mawazo ya bwana mukubwa mu kichwa. Mama alikuwa ameenda matanga ya dada yake, siku ine. Miye nikawaza: kule Bule, jikoni yoyote yenye heshima iko na ndizi nyuma. Maji ya kuosha sahani inamwangwa pale, ndizi inanenepa, kivuli inakuwa. Nikatafuta miche ya ndizi kumi na tano, nikaipanda yote ku ukingo, musitari safi sawa basoda ku gwaride. Kutundika? Nani atatundika ndizi? Kamba ingekatika.

Mama alirudia, akaangalia. Akauliza kama niliona miguu yake. Nikamujibu ndizi ni kitu ya kwetu, hakuna mutu haijue. Akainama, akachimba na bidole pembeni ya moja. Akanionyesha: kamba-kamba tu, nyembamba, inalala juu-juu inaenda pembeni, haina hamu ya kushuka. Hakuzing'oa. Nadhani hakutaka kunipatisha haya mbele ya muzee wa Butembo, mwenye alikuwa amesimama pale, masikio wazi sawa milango ya kanisa.

Ndizi zikakomaa haraka, zikabeba mikungu mizito. Nilizunguka kartie muzima nikijisifu, nikasema mukungu moja inabebwa na batu sita. Mvua ikaja saa nane ya muchana, na upepo yake. Ndizi ya kwanza ikainama sawa anasalimia. Ikaangukia ya pili, ya pili ya tatu, na kila moja ilienda na sahani yake ya udongo ku miguu. Tulienda kupima: hatua mbili.

Mama hakunigombeza. Ingekuwa heri angenigombeza. Kesho yake alichukua jembe, akazunguka ku barabara na ku bijito, akarudia na majani za kila namna. Kamba ikajaa, mashati yangu yakakosa fasi. Siku ya tatu aliniita tukang'oe matete. Tulishika shina moja sisi wawili, tukavuta, tukavuta, miye nikaanguka mugongo chini, nikiwa na shina mu mikono. Miguu ilibakia mu udongo. Tuliichimba kwa jembe: ndevu za wazee mia moja zenye zimesukana, na kila ndevu imekamata konzi yake ya udongo haitaki kuachilia.

"Huyu njo nilikuwa natafuta," mama akasema.

Tulikata mashina bipande-bipande, kila kipande na mafundo mbili, sababu ku fundo njo miguu inatokea. Tukalaza misitari tatu ku muteremuko. Na huku juu, karibu na ukuta, mama alipanda kokwa za avoka palepale kwenye zitabakia. Alisema avoka ukiihamisha unavunja musumari, na musumari ikivunjika haisahau. Matete itashika ngozi ya udongo, avoka itashika mufupa. Miezi yote alilinda na fimbo. Mbuzi za kartie zilimuogopa kuliko polisi.

Halafu ikaja mvua yenye sijaona ingine. Matone sawa mayai, na hapa siongeze sana. Mama alikuwa mu jikoni anapika maharagi. Nikasimama ku mulango, maji mpaka ku magoti.

"Mama, toka. Kuja mu nyumba."

"Halafu pale?"

"Pale tutaona."

"Mutoto wangu, nimeisha kutoka mara mbili. Leta kuni."

Nikaleta kuni. Nikakaa naye. Shimo ilinguruma nyuma ya ukuta, kila muda nikangojea kusikia manjanja inaenda. Maharagi ikaiva. Mvua ikakatika. Mama akafunika sufuria, akatoka, akaweka muguu ku ukuta, akapima. Moja. Mbili. Na kipande kidogo juu yake, sababu matete ilikuwa imekamata matope yenye ilitoka ku lopango ya jirani.

"Muambie muzee wa Butembo," akasema, "udongo yake iko kwangu."

Aliishi miaka mingine mingi, na kila siku alipika mule. Alikufia mu kitanda yake. Ile siku ya matanga, bamama ba kartie balijaa mu ile jikoni, na sufuria za kukopa, mafiga ku kila pembe, bengine bamekaa mpaka nyuma, ku ukingo, banachambua sombe, majani ya muhogo. Nilienda kubaambia batoke kule nyuma, nikaangalia matete na avoka zilivyoshika chini yabo, nikaacha. Balipika mpaka batu bote bakashiba.