Damu Si Nzuri

Sifa zote ni za Mungu, aliyenifikisha uzeeni nikiwa na akili timamu, ingawa magoti yamegoma.

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja upande wa Sengerema, Muuguzi Mkuu alinipokea hivi: "Hapa hatupapasi matumbo tu, tunapima na damu." Ilikuwa miaka ya tisini, maduka ya dawa yakifunguliwa kila kona. Tulitafuta kaswende, ugonjwa wa zinaa ambao mjamzito anaweza kuwa nao bila kuumwa popote, huku vimelea vikipita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Watoto wengine hufia tumboni, wengine huzaliwa na ugonjwa huo.

Kwa kuwa jina la ugonjwa lilikuwa aibu, desturi ya zahanati ilikuwa kusema, "Mama, damu yako si nzuri, njoo kesho uchomwe sindano."

Kabula, mke wa mkulima wa pamba, aliambiwa hivyo. Tayari alikuwa amezika vichanga wawili, wote walizaliwa wafu. Kesho yake hakuja. Alirudi tumbo likiwa kubwa.

"Shikamoo, sista. Damu sasa nzuri. Nimenunua dawa ya kuongeza damu, na mchicha nimekula mpaka mume wangu ananiita mbuzi."

Hatukucheka. Muuguzi Mkuu alivuta kiti, akautaja ugonjwa kwa jina lake, taratibu. Kabula akashika tumbo, akauliza, "Na huyu?"

"Bado anacheza. Tunakuchoma sasa hivi. Halafu mlete baba."

Mume alikuja amenuna. "Mimi siumwi, mama. Mwenye mimba ni yeye."

"Baba, tukimtibu peke yake utamwambukiza tena. Unataka kuchimba kaburi lingine?"

Alifungua mkanda. "Chomeni. Lakini hiyo sindano ni ya ng'ombe!"

Tangu hapo tulikatazwa kusema damu si nzuri.

Baadaye nilihamishiwa Mwanza mjini, nikafanya kazi huko mpaka nikastaafu. Nimechoka, sifichi. Kila kituo nilikuta kina mama wanaokuja wamechelewa, na waume wanaobaki nyumbani. Nawasihi vijana: nendeni mapema, nendeni wawili.

Kabla sijahama Sengerema, Kabula alijifungua mikononi mwangu. Mtoto alikuwa mdogo, lakini alipiga kelele wodi nzima ikageuka. Nikamwambia amnyonyeshe atulie.

"Mwache kwanza alie, sista," akasema. "Sijawahi kusikia."

Nawe unayesoma, Mungu akujalie nyumba yenye kelele za watoto.