Uzito wa Baba kwenye Mizani ya Itigi

Mwaka ule tulikula unga wa njano. Ukikutana na mtu wa umri wangu usimuulize alizaliwa lini, muulize mwaka wa unga wa njano alikuwa amefikia wapi. Mimi nilikuwa nimeshaota meno mapya ya mbele na nachota maji peke yangu. Uwele ulikaukia shambani, mtama nao hivyo hivyo. Tukala mizizi ya porini iliyochemshwa mara tatu ili isitutapishe, mpaka serikali ya Mwingereza ikaleta mahindi kwa garimoshi. Ugali wake ulikuwa wa njano na ulinuka gunia. Tuliula kwa mlenda mkavu, tukashukuru, tukalala bado tuna njaa.

Nimeukumbuka kwa sababu ya televisheni. Mjukuu wangu, huyu anayeendesha bodaboda, alinikalisha sebuleni Jumapili baada ya kanisa nitazame ngumi. Anasema, "Bibi, leo utaona mwanaume." Kweli nikamwona. Jitu lina mabega kama mlango wa ghala, linaingia kwa muziki na moshi, watu wanalilia kama wamefiwa. Mmoja analifuta jasho, mwingine analinywesha maji, wa tatu kazi yake ni kushika mkanda tu. Mkanda wenyewe wa dhahabu, mpana kama sinia. Halafu watangazaji wakaanza kulilinganisha na mabingwa wa zamani wa uzito wa juu. Wakawapanga mmoja mmoja, na picha zao zisizo na rangi: huyu alikuwa mwepesi wa miguu, huyu mkono wake wa kushoto ulikuwa nyundo, lakini wote, wanasema, wasingemaliza raundi sita na huyu wa leo.

Nami nikangoja. Wewe cheka, lakini nilingoja wamtaje baba yangu.

Hawakumtaja. Nikasikia kitu kinanipanda kifuani, na kwa kuwa nimeshazeeka sina haja ya kukipa jina zuri. Ni wivu. Ninamwonea wivu lile jitu kwa ajili ya baba yangu, kama vile nilivyowaonea watu wivu nikiwa mtoto. Nyama linayokula kwa siku moja sisi tungekula mwezi.

Baba yangu alikuwa mrina asali. Mizinga yake ilikuwa ndani kabisa ya vichaka vya Itigi, vile ambavyo ukiingia bila panga unatoka bila nguo. Vita vya Burma vilimchukua, vikamrudisha na vitu viwili: kaptura ya jeshi yenye mifuko mikubwa, na ngumi. Alifundishwa huko kambini. Aliporudi akakuta watu wa reli wanapigana kila mwisho wa mwezi kwenye uwanja wa stesheni, ndani ya kamba ya katani iliyofungwa kwenye nguzo nne. Akaingia, akawaangusha wote. Mhunzi wa reli alikuwa ametengeneza mkanda wa ngozi wenye bamba la shaba, mkanda wa uzito wa juu, na baba akakaa nao miaka miwili. Ulining'inia juu ya kitanda chetu cha ngozi. Mama aliusugua kwa majivu na limau mpaka ukawa unajionea uso.

Sasa kulikuwa na mchochea moto wa garimoshi, mtu mkubwa, kazi yake kutupa magogo kwenye tumbo la injini kutoka Tabora mpaka Dodoma. Mwaka wa unga wa njano watu wa reli walipata mgao wao, mchele na maharage, hata mkate. Yeye akanenepa wakati sisi tunakonda. Akamtaka baba kwa ajili ya mkanda. Stesheni masta, ambaye alikuwa na kitabu cha sheria za ngumi na alikisoma kama padri, akasema sawa, lakini mabondia wote wapimwe kwenye mizani ya mizigo. Asiyefika uzito wa juu hapigani, anakabidhi mkanda.

Baba alipungukiwa ratili kumi, karibu kilo tano za leo. Mama alimpima kwa macho, na mama hakukosea, alikuwa amezoea kupima nta.

Ni mama aliyepata wazo la nta. "Nta ni nzito na haina kelele," alisema. Angeshona mshipi wa kitambaa cha marekani wenye mifuko, atie vipande vya nta iliyogandishwa, baba aufunge kiunoni ndani ya kaptura. Akishashuka mizani aende kichakani kama mtu anayejisaidia, aufungue. Tatizo, nta safi yote tulishaipeleka dukani, tukala unga. Yalibaki masega mabichi kwenye mtungi. Mama alikuwa anakwenda kuomba sindano kwa jirani. Akaniambia, "Chemsha masega, chuja kwa gunia, gandisha kwenye sufuria. Nikirudi nikute tayari. Usiache hata tone la asali, umesikia?"

Nilisikia vizuri sana.

Lakini kabla ya kuwasha moto nikapita kwenye nyumba za reli mara moja tu, kumwona binti wa mchochea moto. Tulikuwa umri mmoja. Nilimkuta barazani anakula mkate, kipande cheupe kinono, na amevaa gauni jipya la njano aliloshonewa kwa ajili ya siku ya ngumi. Akaniambia, "Kesho mkanda unakuja kwetu. Mama ameshapigilia msumari ukutani." Akamega mkate, akautia mdomoni polepole, hakunipa. Nilikaa pale nikitazama ule mdomo. Nikitazama gauni. Hata sijui nilikaa muda gani. Wivu ukikushika ukiwa na njaa unasahau miguu.

Nilipokimbia nyumbani jua lilishazama na mama alikuwa njiani anarudi. Sikuchemsha chochote. Nilikamua masega kwa mikono, nikalamba vidole, nikayabana yakawa bapa, nikayafunga kwa majani, nikampa. Asali ilikuwa bado imejaa ndani.

"Ulichemsha?" mama akauliza, sindano mdomoni.

"Nilichemsha."

Kesho yake stesheni ilijaa. Walikuja hata wa Manyoni. Mchochea moto akapanda mizani, chuma kikagonga, kwaa! Baba akapanda. Stesheni masta akasukuma kijiwe cha mizani taratibu, akainama, akatazama, akasukuma tena. Mkono wa mizani ukainuka. Mama akashusha pumzi. Mchochea moto akacheka, "Mzee wa nyuki, umekula mawe?"

"Nimekula ugali wa mke wangu," baba akajibu. "Wewe umeshawahi kuushiba wa kwako?"

Watu wakacheka. Baba akaanza kuelekea kichakani, lakini stesheni masta akamshika mkono. Garimoshi la mizigo lilikuwa linakuja kabla ya saa tisa, alisema, mpigane sasa hivi. Akapiga kile kipande cha reli kilichotumika kama kengele. Baba akaingia ulingoni na mshipi wake kiunoni, jua la saa nane juu ya kichwa.

Raundi ya kwanza ilienda vizuri. Ya pili nikaona kitu kinashuka kwenye mapaja ya baba, kinang'aa. Mtu mmoja akapiga kelele, "Bingwa kajikojolea!" Uwanja mzima ukalipuka. Binti wa mchochea moto aliruka juu na gauni lake mpaka akapoteza kiatu. Mimi nilijua ni nini kile. Nilitaka ardhi ile ya Itigi, ngumu kama ilivyo, ipasuke initie ndani.

Nitakwambia wewe jambo ambalo sijamwambia mtu. Baba alikuwa anapigwa. Asali au hapana, alikuwa anapigwa. Miguu haikuwa na chakula ndani yake. Alianguka mara moja, akainuka, ngumi za yule mtu zikamfuata kama magogo yanavyoifuata injini.

Halafu wakaja nyuki. Mwaka ule maua hayakuwapo na wao walikuwa na njaa kama sisi. Kwanza watano, kumi, kisha ule mvumo unaoanzia nyuma ya shingo. Watu wakatawanyika, huyu anatupa kofia, yule anatupa mtoto kwa mama yake. Stesheni masta akafunga dirisha la ofisi. Mchochea moto akaruka kamba na glovu zake mkononi, akajisukuma chini ya behewa akilia kama ndama.

Baba alibaki. Alishusha mikono, akasimama katikati ya ulingo ametulia, maana mrina asali anajua ukipigana na nyuki umekwisha. Walimfunika kiuno, mapaja, tumbo. Mimi nilikuwa nimelala nyuma ya magunia, namwona kwa upenyo. Peke yake uwanja mzima, mtu na nyuki wake, hakuna anayempigia makofi. Sijaona bingwa mwingine amesimama hivyo. Yule wa kwenye televisheni mumletee nyuki hamsini tu, wala si mzinga mzima, kisha mniambie habari za raundi sita.

Walipoondoka, baba akapitisha kidole kwenye paja lake, akakilamba. Akanitazama moja kwa moja kule nyuma ya magunia. Akasema, "Asali ya mwaka huu tamu." Hakusema zaidi. Siku ile wala siku nyingine, mpaka tulipomzika. Nami sikumwomba msamaha.

Stesheni masta alitoka ofisini, akaukuta mshipi kiunoni mwa baba, akapekua kitabu, akatoa hukumu. Mkanda ukaenda kwenye msumari wa nyumba za reli.

Kiangazi kile visima vyetu vilikuwa matope, maji yalikuwa kwenye bomba la reli tu. Asubuhi baada ya siku ya ngumi nilimkuta binti wa mchochea moto pale bombani, amejivika mkanda begani, umemfika magotini. Akaweka mguu mbele ya ndoo yangu. "Sema baba yangu ndiye bingwa, ndipo uchote."

Nilimtazama machoni. "Sisemi. Nitakufa na kiu, sisemi."

Nikabeba ndoo tupu mpaka kisima cha mbugani, nikarudi jioni na maji ya rangi ya chai.

Leo ukienda Itigi hutauona ule uwanja. Mizani sijui iliyeyushwa au imelala wapi. Injini za kuni zimekufa na wachochea moto wake, vichaka vimekatwa mkaa, na binti yule aliolewa Tabora nikasikia tu amefariki. Nililia, nakwambia kweli, maana sasa hakuna mwingine aliye hai aliyemwona baba yangu siku ile. Hakuna picha, hata isiyo na rangi. Lile jitu la kwenye televisheni litatazamwa na watoto ambao hawajazaliwa bado, na baba yangu ninaye mimi tu, na mimi ndiyo hivi unavyoniona.

Juzi mjukuu wangu kaniletea chai, anajua naipenda ya maziwa yenye tangawizi. Akaishika juu, nisiifikie, anacheka. "Bibi, sema kwanza. Sema huyu wa leo angempiga baba yako bingwa, ndipo unywe."

Utani tu, najua. Mjukuu na bibi yake. Chai ilikuwa inanukia, na koo langu lilikuwa limekauka toka asubuhi.

"Sisemi," nikamwambia. "Nitakufa na kiu, sisemi."