Mtoto Niliyemwandika Mzima

Vuuuu, halafu tik, tik, tik ikipunguza mwendo. Hivyo ndivyo ilivyolia mashine ndogo ya kuzungushia damu, pale mezani kwenye zahanati yetu ya Isansa. Kila ilipoanza, watoto waliokuwa kwenye foleni waliacha kulia ili waisikilize.

Ulikuwa mwezi wa saba, ile baridi ya Mbozi inayokufanya ushike kikombe cha chai kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, mwaka wangu wa kwanza. Kidato cha nne nilimaliza na matokeo ya kukunja na kuficha, lakini siku ile niliazimwa koti jeupe, na kichwani mwangu nikawa tayari nesi mkuu mwenye ofisi yenye pazia na kiti cha kuzunguka.

Wataalamu walikuja kuchukua damu ya watoto wazima. Ndiyo, wazima. Kooni kuna tezi inayosimamia ukuaji wa mtoto, na ikilegea, mtoto hudumaa, au shingo huvimba, ndiyo hilo rovu tunalolijua. Damu inaweza kuonyesha mapema. Tatizo ni kwamba viwango walivyokuwa wakitumia kusema hii ni sawa na hii siyo, vilitokana na watoto wa mbali. Sasa walitaka kujua mtoto wetu asiyeumwa anakuwaje, akiwa na miaka mitatu, akiwa na sita, akiwa na kumi. Kwa hiyo mgonjwa hatakiwi humo.

Kijijini kwetu ikageuka kitu kingine. Kukataliwa pale mezani ilikuwa kama kutangaziwa kanisani kwamba mwanao ana kasoro. Kina mama wakawaogesha watoto alfajiri na kuwapaka mafuta mpaka wakang'aa. Mmoja alimlisha mwanawe mayai matatu ili damu iwe na nguvu. Yote yakaishia kwenye viatu vya mtaalamu.

Kazi yangu ilikuwa kumuuliza mzazi maswali, kupapasa shingo ya mtoto, kisha kuandika kwenye daftari.

Akaja mama mmoja na binti yake wa miaka kama sita, amefungwa skafu ya bluu mpaka kidevuni.

"Mvue skafu, mama."

"Ana baridi, dada."

Nikapitisha vidole chini ya skafu. Kulikuwa na uvimbe laini, kama parachichi changa, ukipanda na kushuka alipomeza mate. Mama akanisogelea sikioni.

"Dada yangu, nakuomba. Nyumbani wanasema nimezaa mtoto mbovu. Mama mkwe yule pale mlangoni, anasikiliza. Ukimwandika mzima, watanyamaza."

Binti akanichekea, meno mawili ya mbele hana. Nikaandika: mzima. Akatolewa damu, akaondoka anaruka ruka, nami nikajiona mtu mwema kuliko wote Isansa.

Mchana tulikula mimi na mtaalamu wa maabara, kaka mmoja mtani sana.

"Daktari wangu, leo umenipa wazima watupu! Kijiji kizima hakuna hata mwenye mafua?"

Nikacheka, kisha nikauliza kama utani tu, "Hivi kaka, akipenya mmoja asiye mzima?"

Akaacha kula. "Umeona walanguzi wa mahindi wanavyotanua debe?"

Nani Mbozi hajaona? Baba aliwahi kumimina na kumimina kwenye debe lililogongwa nyundo kwa ndani, halijai.

"Ndiyo hivyo. Ukichanganya mgonjwa mmoja hapa, mwingine pale, kiwango kinatanuka. Kesho analetwa mtoto anayeumwa kweli, karatasi inasema yuko sawa, anarudishwa nyumbani. Na huyo aliyepenya, nani atamtibu wakati ameandikwa mzima?"

"Kwani inatibika?"

"Akiwahiwa, anakua vizuri tu. Akichelewa, hata darasani atateseka."

Ugali ukanishinda. Nikashika njia kwenda kwa yule mama. Nilimkuta kwenye kichanja anageuza kahawa juani.

"Mama, nimekukosea. Nimeandika uongo."

Akatazama mlango wa nyumba. "Sasa umekuja kunitangaza?"

Nilitaka kusema maneno ya kinesi, yakatangulia machozi. Akanishangaa, kisha akacheka kidogo.

"Jamani! Mwenye mtoto ni mimi, anayelia ni wewe."

Nikamweleza yote, la debe na la dawa, na kwamba kama daftari litabaki vile, hakuna atakayemwita binti yake kwa matibabu. Akaendelea kugeuza kahawa, punje ambazo alikuwa ameshazigeuza. Mama mkwe akatoka, akasimama kizingitini. Nikajua hapo ndipo yule mama atanifukuza.

Badala yake akamwita binti. Akaifungua skafu pale pale uani, mzunguko mmoja, wa pili, mpaka shingo ikabaki wazi juani.

"Kaandike ulichokishika," akaniambia.

Bibi akaitazama shingo ya mjukuu wake. Nilisubiri neno kali. Akauliza tu, "Hospitali mnaenda kesho saa ngapi?"

Nilirudi zahanati nusu nikitembea nusu nikikimbia, koti likipepea. Hapakuwa na mtu, kaka yule alikuwa nje anaongea na simu. Nikafungua daftari kwenye ukurasa wa asubuhi. Nikapiga mstari mmoja juu ya neno mzima, bado likisomeka, na pembeni nikaandika: ana rovu, nililishika, nikaficha. Nikaweka sahihi yangu. Kisha nikaliacha daftari wazi juu ya kifuniko cha ile mashine, ili asiweze kuiwasha tena kabla ya kusoma.