Mdundo wa Kufungia Ngoma

Miaka kumi na saba Thadei, karani wa masjala mjini Bariadi, alimalizia likizo zake kwenye maneno ya ngoma za Kisukuma: majina ya midundo, ya nyuzi za zeze, ya hatua za miguu. Aliyaandika kwenye kaunta buku, kila neno na aliyelitamka, kijiji chake, na miaka lilipotumika. Kwa kuwa wachezaji wa zamani walikuwa pande mbili zinazoshindana, Bagika na Bagalu, kila ukurasa aliupiga mstari katikati. Mkewe, Justina, aliiita kamusi hiyo "mke mwenzangu".

Ilibaki nafasi moja tupu. Ilikuwa ya mdundo wa kufungia mashindano, unaopigwa na kundi lililokwisha kujua kwamba limeshinda. Jina lake upande wa Bagalu alilitoa Mzee Jilala wa Ipililo. La Bagika alibaki nalo Mzee Machibya wa Mkula peke yake, naye kila mwaka alimnyima.

"Jilala bado anapumua?" Machibya angeuliza.

"Yupo, guku," Thadei angejibu, akimwita babu kwa Kisukuma. "Macho tu ndiyo hayaoni."

"Basi rudi kwenu. Nikikupa utampelekea. Yule anapiga ngoma kama anatwanga mtama. Akifa, njoo."

"Na ukitangulia wewe, babu?"

"Sijawahi kushindwa na Jilala. Nitaanzia kaburini?"

Mwezi wa sita Jilala akafa. Thadei alikwenda kuzika, na Jumamosi iliyofuata akapanda basi la Lamadi, akashukia Mkula. Njia nzima alijionea haya kwa ile furaha ndogo iliyokuwa kifuani mwake.

Alimkuta Machibya uani, akichambua pamba.

"Mwangaluka, guku," alimwamkia. "Jilala ametutoka. Tulimzika Jumatano."

Mzee aliiweka pamba chini. "Nani alimpigia ngoma?"

"Hakuna. Walifungulia spika."

"Spika," alisema mzee. "Jilala."

Thadei alifungua ukurasa, akashika kalamu. Mzee alinyoosha vidole juu ya goti, akagonga mara moja, mara mbili, akaacha.

"Uliniahidi, guku."

"Niliahidi. Lakini jina lile ni tusi. Tulikuwa tunamtupia yeye, naye anatutupia la kwake. Leo nimtukane maiti?"

"Ni la kitabu tu."

"Kitabu hakina ngoma ya kunijibu. Nenda, mwanangu."

Thadei alikaa mpaka chai aliyoletewa ikapoa. Mzee hakuigusa tena pamba.

Mwezi wa tisa simu ilitoka Mkula. Thadei alisikiliza, akatoa pole kwa msiba wa Machibya, akakata. Kisha alichukua rula, akafungua ukurasa ule, na ile nafasi ya Bagika aliyoiacha wazi miaka yote akaichorea mstari, taratibu, kutoka kona hadi kona.

Justina alimletea chakula. Alikikuta baadaye vilevile.