Soketi Aliyoifunga Pima Kwanza

Alikuwa fundi umeme msumbufu, hata wateja wakampa jina la Pima Kwanza. Ukimwita akufungie taa moja tu ya sebuleni, atazima swichi kuu, atafungua kila soketi aone ilivyo ndani, na akikuta waya wa ardhi, ule unaomkinga mtu asipigwe na umeme, haupo atakugomea kabisa mpaka upatikane. Ukinung'unika atakujibu, "Umeme haubishi hodi." Marehemu mkewe alikuwa akitania kwamba siku akifa, mumewe atamgusa na tesita, ile bisibisi yenye taa ya kupimia umeme, ndipo aamini. Watu walimcheka, lakini katika nyumba alizozifunga yeye walilala usingizi wa pono.

Kazi hiyo alimrithisha binti yake wa pekee, na sheria aliyomkazia kuliko zote ni kwamba fundi haridhiki na kazi yake mwenyewe, lazima mwenzake aipime upya. Kwa miaka kumi na miwili baba alifunga, binti akapima, na hakukuta kosa hata moja.

Kisha akaanza kuyakuta makosa. Nyumba ya kwanza waya wa ardhi ulikuwa umeachwa ukining'inia. Nyumba ya pili swichi ilikata waya usio na moto, taa inazimika huku moto wa umeme umebaki pale pale juu. Zikafika nyumba nne. Binti alirekebisha kimyakimya huku baba yake akikusanya vifaa na kuuliza kwa mara ya tatu leo ni siku gani. Msiniambie hakuelewa. Alielewa, akanyamaza, kwa sababu mzee alikuwa hana kitu kingine duniani zaidi ya kazi ile. Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo nalo alilijua.

Asubuhi moja jirani yao, mama mwenye mtoto wa kutambaa, alimsimamisha njiani. "Mwambie mzee ahsante sana. Jana alikuja peke yake akanifungia soketi ya jikoni, wala hakukawia."

Peke yake. Binti hakuaga hata, akakimbia, mama akimfuata nyuma. Alipoingia jikoni kwa jirani alimkuta mtoto amekaa sakafuni, na birika la bati la umeme liko mezani limejazwa maji, linasubiri tu kuchomekwa. Aliingiza tesita kwenye tundu la juu la soketi, lile la ardhi, ambalo halitakiwi kuwa na moto hata chembe. Tesita ikawaka.

Alizima swichi kuu, akaifungua soketi. Waya wa moto ulikuwa umefungwa mahali pa waya wa ardhi. Birika lile lingechomekwa, bati lake lote lingekuwa na umeme wa kuua.

Kabla hajameza mate, baba yake akaingia. Alikuwa amefuata bisibisi yake aliyoisahau. Akainama, akachungulia ndani ya soketi, uso ukambadilika.

"Nani kafanya upuuzi huu?"

Mama mwenye nyumba alifumbua mdomo, binti akamkonyeza anyamaze.

"Huyu si fundi, huyu ni muuaji," mzee akasema. "Anyang'anywe leseni leo hii. Asiguse waya tena mpaka anaingia kaburini. Mwanangu, unamjua?"

Angeweza kusema ni yeye binti aliyekosea. Baba yake angemgombeza, angemsamehe, na kesho angetoka na begi lake kwenda jiko la mtu mwingine. Binti alimtazama mtoto pale sakafuni, akapiga moyo konde.

"Ni wewe, baba. Jana."

Mzee alicheka kidogo. Kisha akaitazama tena soketi, akaona ncha ya kila waya imekunjwa mara mbili kabla ya kubanwa na skrubu, kama alivyozikunja yeye maisha yake yote. Akakaa kwenye kigoda, polepole.

"Kuna aliyeumia?"

"Hapana, baba."

"Kuna nyumba nyingine?"

"Nne. Nimesharekebisha zote."

Hapo ndipo alipolia, mzee yule ambaye hata mazikoni kwa mkewe hakulia mbele za watu. Akatoa leseni mfukoni, akampa bintiye kwa mikono miwili. Binti aliipokea.

Laiti yangeishia hapo. Kesho yake alfajiri binti alimkuta baba yake mlangoni, begi begani, anapapasa mifuko. "Mwanangu, hujaiona leseni yangu? Tutachelewa kazini." Hakumbuki kitu. Ikabidi aambiwe upya, naye akalia upya, kama hajawahi kuambiwa.

Shangazi yake alimshauri binti amdanganye tu kwamba leo hakuna kazi, mzee wa watu apumzike. Akajaribu, siku moja. Mzee alifurahi, akakaa kuota jua, na kabla ya adhuhuri alikutwa kwa jirani wa pili, amefungua soketi kwa kisu cha mezani, na swichi kuu hajaizima.

Tangu siku hiyo hakuna uongo. Kila asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, binti humkalisha baba yake, humshika mkono, humwambia alichokifanya. Na kila asubuhi, kabla hajauliza lolote kuhusu nafsi yake, mzee huuliza kama kuna aliyeumia.