Chokaa Juu ya Uso wa Mama

Juma lililopita jirani yangu hapa Kibenga alipaka chokaa uzio wake, nami nikafunga madirisha yote mchana kweupe, na joto lote lile. Watoto wangu walinicheka. Kwao harufu ile ni ya usafi, ya Idi, ya nyumba inayongoja wageni. Mimi nikisikia chokaa mbichi inavyochemka ndani ya maji, narudi mbele ya ukuta mmoja. Mnivumilie. Hasira niliyo nayo ni ya miaka mingi, na haisimuliki kwa haraka.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Buyenzi, mtaa mwingine wa mji huu huu, kwenye avenyu ya mafundi magari, ambako nyundo ziligonga mabati tangu asubuhi hadi ukasahau kwamba duniani kuna kimya. Baba alikuwa baharia wa meli ya mizigo iliyotoka bandarini kwenda Kigoma, kwa hiyo tulimwona kwa vipande. Mama alikuwa amefariki miezi minne kabla. Tuliobaki uani ni mimi, dada yangu Zaina mwenye miaka kumi na saba, na kaka wa baba, tuliyemwita Baba Mukubwa, pamoja na mkewe.

Zaina alichora. Hakufundishwa na mtu. Alianza na vibao vya vinyozi, vile vichwa vinavyotazama kando kana kwamba vimenuna, akahamia kwenye milango ya gereji, akachora betri na tairi mpaka ukatamani kuzigusa. Mafundi walimpa mabaki ya rangi za magari, vikopo robo robo, ndiyo maana kucha zake zilikuwa na rangi ya teksi. Mama alikuwa akimwambia, "Mikono yako haitulie, afazali ipate kazi."

Likizo kubwa ilipoanza, Baba Mukubwa alisafiri kwenda Rumonge kununua mawese. Siku hiyo hiyo Zaina akasugua ukuta wetu wa nje, ule unaotazama barabara, akaanza kumchora mama.

Tulikuwa na picha yake moja tu, ile ya kwenye karangamuntu, kitambulisho chake, na muhuri wa ofisi ya komine ulikuwa umemfunika kuanzia mdomo kwenda chini. Macho Zaina aliyapata. Kidevu kilimshinda. Siku ya tatu akanikalisha juu ya debe. "Kaa hapo, usitingishike," akasema. "We uko na kidevu ya mama."

Nilikaa mpaka shingo ikafa ganzi. Sijawahi kutulia kwa furaha kama siku ile. Mwendesha baiskeli aliyebeba ndizi aligeuka kututazama, akatumbukia mtaroni na ndizi zake, akainuka akasema kosa si lake, ni la yule mama ukutani, kwa nini anamwangalia mtu hivyo.

Siku ya tano uso ulikamilika. Ulikuwa mkubwa kuliko mlango, na kitambaa cha kijani kichwani, kijani cha lori la Wakongomani fulani. Mama Kaneza, jirani yetu aliyepita kila asubuhi na beseni la maandazi, alisimama akamwambia mama "Bwakeye", kama alivyomwamkia alipokuwa hai, kisha akaendelea na safari. Mimi nikawa nikitumwa dukani namuaga kwanza.

Baba Mukubwa alirudi Alhamisi. Alisimama mbele ya ukuta kwa muda mrefu, begi mkononi. Alipoingia hakutusalimia. Alisema tu, kwa sauti ya upole, "Mutu akiweka picha ku ukuta, malaika haiingie mu nyumba."

"Picha iko inje, Baba Mukubwa," Zaina akajibu. "Iko ku barabara."

"Sasa we unataka malaika ipite ku dirisha?"

Mkewe akacheka.

Asubuhi ya Ijumaa, Zaina alipokwenda kuchota maji bombani, Baba Mukubwa aliniita. "Nuru, kuja mwanangu. Koroga iyi chokaa. Isikuwe na mabonge."

Nilidhani ni ya jikoni. Niliona fahari, maana kazi za maana hazikuwa zikiniangukia. Nilikoroga kwa mikono yote miwili, nikafinya kila bonge kwa vidole, nikamwita aje aone. Akanisifu. Akabeba ndoo, akatoka nayo nje, akaanzia machoni.

Zaina aliporudi, dumu kichwani, hakupiga kelele. Hakumtazama hata Baba Mukubwa. Alinitazama mimi, nilivyokuwa mweupe mpaka kwenye viwiko.

Lakini chokaa haishiki juu ya rangi ya gari. Mchana jua liliikausha, ikaanza kubanduka, na jicho moja la mama likatokeza, kisha la pili. Mafundi waliacha nyundo wakaja kuona. Baba Mukubwa alipotoka msikitini akawakuta wamejaa pale, akaniamuru nikoroge tena.

Safari hii nilijua. Nilimimina maji mengi, ikawa nyepesi kama maji ya kuoshea mchele. Alichovya brashi, akaitazama ikidondoka, akanizaba kofi nikakaa chini. Nikakoroga nyingine, nzito, isiyo na bonge hata moja. Kofi lilipoa jioni ile ile. Ile ndoo ya mwisho haijapoa mpaka leo.

Jumamosi alinunua rangi ya mafuta, nyeupe. Hiyo ilishika.

Wiki tatu baadaye wakaja vijana wawili na ngazi. Kabla ya Alasiri ukuta wetu ulikuwa na mwanamke mwingine, mabega wazi, meno yote nje, chupa ya soda mkononi. Baba Mukubwa aliwatolea viti na chai. Nilimwendea pale pale mbele yao.

"Baba Mukubwa, na malaika?"

Kijana mmoja akapaliwa na chai. Baba Mukubwa hakunipiga. Alinieleza kwa subira, kama mwalimu wa hesabu: "Ile si picha, mwanangu. Ile ni piblisite."

Neno lile la Kifaransa sikulijua. Nilikwenda kumuuliza Zaina maana yake. Nilimkuta jikoni anatia vikopo vyake ndani ya gunia. "Ni tangazo," akasema, "ya kuuzisha vitu." Kisha akavirudisha kwa mafundi, gereji kwa gereji. Hakuchora tena. Leo anauza vitenge Uvira, ana watoto wanne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona ameshika brashi.

Baba aliporudi kutoka Kigoma tulimweleza yote. Alisikiliza, akanawa mikono, akasema, "Ni kaka yangu." Akala.

Kwa miaka mingi niliamini ugomvi ule ulikuwa wa dini. Nilipokua nikaamini ulikuwa wa pesa za tangazo. Baba alipofariki, ndugu walikaa kikao, karatasi za kiwanja zikatolewa, zikawa na jina la Baba Mukubwa peke yake. Mimi na Zaina tulitoka na masanduku mawili. Mama Kaneza alinisindikiza hadi kwenye kona.

"Iyi parseli ni mama yenu alinunua," akaniambia, akikielekezea kidole kiwanja chetu. "Na pesa ya cherehani yake. Avenyu yote inajua."

"Na mbona hamukusema?"

"Nani alituuliza?"

Ndipo nilipoelewa alichokiona Baba Mukubwa ile Alhamisi, amesimama na begi lake. Alimwona mwenye nyumba. Kila aliyepita barabarani alikuwa anamwona pia na kumwamkia, na siku moja mtu angelisema hilo kwa sauti. Dada yangu hakujua alichokuwa anakichora, na mimi sikujua nilichokuwa nakikoroga.

Mwaka jana Baba Mukubwa naye alikufa. Nilikwenda msibani. Mkewe, sasa kikongwe, alinishika mikono mbele ya wanawake wote waliokaa mkekani.

"Nuru, mutolee baba yako radhi. Mutu akikufa anasamehewa."

Wote walinigeukia. Nikasema, "Yenye alinifanyia mi, nimemusamehe. Ya mama yangu si yangu kutoa."

Nilivaa viatu vyangu mlangoni, nikaondoka kabla ya chakula.